Helmeti ya saiti nayo huchoka: namna ya kuikagua na lini uitupe

Stoo kwetu kulikuwa na helmeti moja ya njano iliyopauka mpaka ikawa rangi ya uji wa ulezi uliozidishiwa maziwa. Hakuna aliyeipenda, ila kila asubuhi alikuwepo kibarua aliyechelewa kufika, na ndiyo iliyombakia. Siku moja niliishika kwa mikono miwili nikaiminya kidogo, kama mtu anavyominya embe sokoni aone kama limeiva. Ikalia kama biskuti. Ufa ukatembea kutoka ukingo wa mbele hadi karibu na utosi, palepale mikononi mwangu. Kwa ninavyojua, helmeti ile haikuwahi kupigwa na kitu. Ilikaa juani tu, juu ya vichwa vya watu, kwa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu.

Kwa hiyo haya ninayoandika ndiyo ninayofanya stoo, kwa mpangilio ninaoufuata. Yatamfaa mtunza stoo mwenzangu, forman, au fundi mwenye helmeti yake mwenyewe. Vifaa vyenyewe ni mikono, kitambaa cheusi, taa ya simu, sabuni na daftari.

Kabla ya kukagua, jua inavyokulinda

Ipindue. Kuna ganda, halafu kuna mikanda ya ndani inayokaa kichwani. Wengi wanaangalia ganda peke yake, na kosa linaanzia hapo. Kitu kikidondoka, ganda linakisambaza kishindo kisitue mahali pamoja, kisha mikanda inavutika na kuchelewesha ganda lisifike kwenye fuvu. Kati ya utosi wako na ganda pameachwa uwazi wa karibu sentimita 3. Uwazi ule ndio breki yako.

Breki hiyo ina kipimo. Kwa kiwango cha Ulaya cha helmeti za viwandani na ujenzi, EN 397, chuma cha kilo 5 kinadondoshwa kutoka urefu wa mita 1 juu ya helmeti iliyovikwa kichwa cha bandia, na nguvu inayopenya kufika kichwani haitakiwi kuzidi kilonyutoni 5, yaani kama uzito wa nusu tani. Halafu kinadondoshwa chuma chenye ncha, cha kilo 3, mita 1 vilevile, na ncha isiguse kichwa. Kilo 5 kutoka mita 1 si kitu cha kutisha ukiwaza haraka haraka. Lakini piga hesabu: nyundo ya nusu kilo ikimponyoka fundi aliye mita 10 juu ya jukwaa, inatua chini na nishati ileile, ikiwa kwenye mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Tofali la saruji la inchi sita ni kilo nyingi zaidi ya hizo tano, usije ukadhani helmeti imetengenezwa kwa ajili yake. Kwa tofali kuna mbao za kuzuia pembeni mwa jukwaa, kuna nyavu, na kuna kutopita chini ya watu wanaojenga.

Ninachotaka ushike ni hiki: hata ikiwa mpya, helmeti haina ziada kubwa. Iliyofaulu mtihani ule ni ile iliyotoka kiwandani. Hii yako iliyokaa juani miaka saba haijafanya mtihani wowote.

Kinachoiua ni nini hasa

Cha kwanza na kikubwa ni jua. Umewahi kukalia kiti cha plastiki kilichosahaulika uani? Kwa macho ni kizima, unakaa, mguu mmoja unakatika kama muwa, na wageni wanacheka. Helmeti nyingi za bei ya kawaida zimetengenezwa kwa plastiki iitwayo HDPE, ileile ya madumu ya maji. Nyingine ni ABS, ambayo ni ngumu zaidi na inang'aa. Plastiki hizi zote ni minyororo mirefu ya chembe ndogo iliyosokotana, na kusokotana huko ndiko kunakoipa mnyumbuko. Mionzi ya urujuanimno iliyomo kwenye jua inaikata minyororo hiyo kidogo kidogo. Kiwandani wanachanganya dawa ya kuzuia mionzi pamoja na rangi, lakini dawa hiyo inatumika na kuisha. Ikiisha, ganda linapauka, linatoa vumbi jeupe, linakakamaa. Mwisho wake, badala ya kubonyea na kurudi, linavunjika.

Ubaya wa plastiki ni kwamba haisemi. Zamani kofia za kazi zilikuwa zinaonyesha uchovu wake. Mwaka 1919 huko San Francisco, E. W. Bullard, aliyerudi kutoka Vita ya Kwanza ya Dunia akiwa amevaa kofia ya chuma vitani, alitengenezea wachimba madini kofia ya turubai iliyopigwa mvuke, ikapakwa gundi na rangi nyeusi. Daraja la Golden Gate lilipoanza kujengwa mjini humo mwaka 1933, watu walitakiwa kuvaa kofia ngumu kazini. Turubai likichakaa unaona nyuzi, linanuka, linalegea, na mwenyewe unaona aibu kulivaa. Plastiki inakaa na umbo lake zuri hadi dakika ile unayoihitaji.

Cha pili ni joto. Gari lililofungwa vioo likaegeshwa juani saa saba mchana linageuka oveni, na helmeti iliyoachwa juu ya dashibodi inapikwa kwa joto na jua kwa pamoja. Wahandisi ndio wenye tabia hii kuliko vibarua. Wanisamehe, lakini ndivyo ilivyo.

Cha tatu ni vimiminika. Thina, petroli, asetoni, gundi, rangi ya mafuta, hata dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu. Ulipakaji unaotisha zaidi ni wa thina, kwa sababu matokeo yake yanapendeza. Fundi rangi anaifuta helmeti yake jioni kwa kitambaa chenye thina, rangi yote inatoka, inang'aa kama ya dukani. Ndani ya plastiki, hasa ikiwa ABS, thina imeshapenya na kuilegeza, na nyufa ndogo zitakuja baadaye bila kumkumbusha mtu ile jioni.

Halafu kuna jasho. Chumvi na mafuta ya nywele vinaganda kwenye mikanda, mikanda inakauka, inachanika, au inakuwa migumu kama ngozi ya ngoma. Ndiyo maana mikanda huisha muda mapema kuliko ganda.

Hatua ya 1: Soma maandishi ya ndani

Chini ya ukingo wa mbele, ukiipindua, tafuta duara dogo lililochongwa kwenye plastiki, mfano wa uso wa saa. Lina namba 1 hadi 12 kuzunguka, mshale katikati, na tarakimu mbili kandokando ya mshale. Mshale unaonyesha mwezi, tarakimu ni mwaka. Mshale ukielekea 9 na katikati pameandikwa 21, helmeti hiyo ilitoka kwenye kalibu Septemba 2021. Nyingine badala ya mwezi zinaonyesha robo ya mwaka. Nimeshakutana na watu waliofanya kazi saiti miaka kumi bila kujua duara lile ni nini. Mmoja alidhani ni dira.

Karibu na hapo pawe na jina la mtengenezaji, saizi, aina ya plastiki, na namba ya kiwango: EN 397 kwa za Ulaya, ANSI Z89.1 kwa za Marekani, GB 2811 kwa za China. Za Marekani zina herufi pia. G imepimwa kwa volti 2,200, E kwa volti 20,000, na C haikukingi na umeme hata kidogo. Mafundi umeme wasipewe C, hata kama ndiyo nyepesi na ina matundu ya hewa.

Ikiwa ndani hakuna maandishi yoyote, wala tarehe, wala jina la mtengenezaji, mimi siiingizi kwenye hesabu ya helmeti. Hilo ni bakuli lenye mikanda.

Hatua ya 2: Tafuta umri wake wa kazi

Tarehe ya kiwandani ni mwanzo tu. Watengenezaji wengi wanahesabu kuanzia siku ya kwanza kuvaliwa, wengine kuanzia siku ya kutengenezwa, kwa hiyo kile kikaratasi kinachokuja ndani ya boksi usikitupe, kisome. Namba utakazozikuta mara nyingi ni miezi 12 kwa mikanda na miaka isiyozidi 5 kwa ganda. MSA, kampuni ya Marekani inayotengeneza helmeti kwa miongo mingi, inatoa namba hizohizo. Wengine wanasema ganda ni miaka 2 hadi 5 kutegemea kazi.

"Kutegemea kazi" ndiyo sehemu ya kutumia akili. Helmeti ya mhandisi anayeshinda ofisini kwenye kontena na kutoka mara mbili kwa siku, miaka 5 sina ugomvi nayo. Ya kijana wa kuezeka mabati, anayepigwa na jua kutoka juu na kutoka kwenye bati linaloakisi, au ya watu wa lami barabarani, naihesabia miaka 2, na nikiona dalili mapema inatoka mapema. Hiyo ni hesabu yangu ya stoo, na kikaratasi kikisema muda mfupi zaidi, nafuata kikaratasi.

Sasa, siku ya kwanza kuvaliwa nani anaijua? Hapo ndipo daftari linapoingia. Kila helmeti ina namba, na kila namba ina mstari: tarehe ya kiwandani, tarehe niliyoikabidhi, aliyekabidhiwa, tarehe ya kubadili mikanda. Namba siiandiki kwenye ganda kwa maka peni wala rangi, kwa sababu wino ule una vimiminika vya jamii ya thina. Naiandika kwenye kilebo kilichowekwa na mtengenezaji ndani kwa kazi hiyo, na kisipokuwepo, kwenye kitambaa cha jasho. Ndiyo, kitambaa kinafutika na kubadilishwa. Nikibadili, naandika upya.

Hatua ya 3: Ioshe kwanza

Usikague helmeti chafu. Saruji iliyokauka inaziba nyufa vizuri kuliko rangi. Chomoa mikanda, loweka ganda kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini kidogo, sugua kwa kitambaa au sponji, suuza, anika kivulini. Zege lililoganda lisibanduliwe kwa kisu wala patasi. Lisipotoka kwa kulowekwa, na huwezi kuona kilicho chini yake, basi helmeti hiyo imefeli mtihani.

Hatua ya 4: Macho, kidole na kitambaa cheusi

Ikishakauka, pitisha kitambaa cheusi juu ya utosi wa ganda na ukibonyeze kidogo. Kikitoka na vumbi jeupe kama la chaki, uso wa plastiki umeshaanza kuoza kwa jua. Kwenye helmeti nyeupe huwezi kuona vumbi hilo kwa macho, ndiyo maana nasema kitambaa kiwe cheusi. Linganisha pia rangi ya nje na rangi iliyojificha chini ya mikanda, mahali ambapo jua halikufika. Tofauti ikiwa kubwa, umeshapata jibu kabla ya kuendelea.

Kisha ingia mahali penye giza kidogo, washa taa ya simu, iweke ndani ya ganda. Kwenye helmeti ya njano, nyeupe au ya rangi ya chungwa, ufa unajichora kama uzi mweusi au mweupe. Nyufa zina mahali zinapopenda kuzaliwa: kwenye matundu ambamo mikanda inashika, kwenye ukingo wote, na mahali pa mbele panapounga na ukingo. Pitisha ukucha taratibu. Mkwaruzo wa juujuu ukucha unateleza; ufa unaunasa. Mkwaruzo wenye kina nao ni wa kutupia, kwa sababu plastiki ikipata pa kuanzia kupasuka haihitaji kutafuta pengine.

Angalia na matundu ambayo hayakuwepo. Vijana wanatoboa kwa msumari wa moto wapate hewa, au wafunge kamba ya kidevu. Tundu la msumari wa moto ni ufa wenye mlango wazi, na kwa fundi umeme ni njia ya umeme kumfikia. Haijadiliwi.

Stika nazo huwa nazitilia shaka. Gundi zake nyingine zinakula plastiki, na hata zisipokula, stika kubwa ya timu ya mpira inafunika mahali ambapo ningependa kuona. Maelezo ya EN 397 yanataka mtumiaji aonywe asipake rangi wala kubandika chochote isipokuwa kwa maelekezo ya mtengenezaji.

Hatua ya 5: Iminye

Shika ganda kushoto na kulia, minya taratibu mpaka liingie ndani kama sentimita 2 au 3, kisha achia. Zima linarudi mara moja, kimya. Lililochoka linarudi kwa uvivu, au linabaki limebonyea, au linalia. Ukisikia kitu kama kukanyaga majani makavu, usiendelee kuiuliza. Weka mpya moja pembeni ya aina hiyohiyo, uminye ile kwanza, ili mikono ijue inatafuta nini. Bila ya kulinganishia nayo utajidanganya.

Jaribio hili ni la plastiki zenye mnyumbuko, hasa HDPE. ABS ni ngumu kiasi, hivyo usilazimishe. Helmeti za faibaglasi, ambazo utaziona kwenye kazi za moto kama viwanda vya kuyeyusha chuma, haziminywi namna hii. Hizo angalia kama nyuzi zimeanza kuchomoza au tabaka kuachana.

Hatua ya 6: Mikanda

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na ndipo ninapokuta vituko.

Ichomoe yote, itandaze mezani. Kila mkanda unaopita juu ya utosi uvute kwa vidole na uangalie mishono. Nyuzi zikianza kutoka, mkanda umekwisha. Kagua meno ya plastiki yanayoingia kwenye matundu ya ganda: likikatika moja kati ya manne, ganda linakaa upande, na siku ya kishindo linatelezea upande huohuo. Zungusha kile kigurudumu cha kukazia nyuma. Kikizunguka bila kushika, helmeti itaanguka mwenye nayo akiinama tu, na helmeti iliyo chini haimlindi mtu.

Niliwahi kuchomoa mikanda ya helmeti ya kijana wa nondo nikakuta jino lililokatika limefungwa kwa waya wa kufungia nondo. Amelifunga kwa ustadi wa kazi yake, mizunguko miwili na kusokota kwa koleo. Ile ncha iliyobaki, ya urefu wa kama nusu kidole, ilikuwa imelala ndani, imeelekea chini, katikati kabisa ya utosi. Nilimwonyesha. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kaka, nilijua inakwaruza tu."

Mikanda ikiisha unaweza kuibadili bila kutupa ganda, mradi ganda liko ndani ya umri wake na limefaulu hatua zilizotangulia. Sharti ni moja: mikanda iwe ya mtengenezaji yuleyule na ya modeli ileile. Ya kampuni nyingine inaweza kuingia ukiilazimisha, lakini ule uwazi wa sentimita 3 hautakuwa uleule. Na usikate mikanda ya helmeti iliyokufa ukahamishie kwenye nzima, umehamisha ugonjwa.

Mkanda wa kidevu una siri yake. Kwenye helmeti za EN 397 umetengenezwa uachie ukivutwa kwa nguvu ya kati ya nyutoni 150 na 250, yaani kama uzito wa kilo 15 hadi 25, ili helmeti ikinasa kwenye nondo isikunyonge. Anayefunga fundo la kamba ya katani badala yake ameondoa kinga hiyo. Wanaofanya kazi juu sana na mikanda ya kujifunga mwilini wana helmeti za aina nyingine, ambazo mkanda wake hauachii kirahisi, kwa sababu kwao hatari ni helmeti kuwavuka kichwani wakati wanaanguka. Usichanganye hizi mbili kwenye rafu moja.

Hatua ya 7: Muulize mwenye nayo

Kuna kitu ambacho mkono na taa havitakiona: kishindo kilichokwisha pita. Helmeti ikipokea pigo zito inatupwa siku hiyohiyo, hata kama haina alama. Imeshafanya kazi yake, mikanda imeshavutika, na ganda linaweza kuwa na nyufa za ndani zisizoonekana. Kwa hiyo nauliza: imepigwa na nini? Imewahi kudondoka kutoka juu? Unailaza wapi usiku?

Majibu ya kweli utayapata kwa sharti moja, kwamba ukweli usimgharimu mtu. Nilifanya kazi mahali ambapo helmeti iliyoharibika ilikatwa kwenye posho. Miezi yote ile hakuna helmeti hata moja "iliyowahi kupigwa". Watu walikuwa wanaziba nyufa kwa gundi na kupaka rangi juu. Kisheria vifaa vya kinga ni jukumu la mwajiri. Kwa Tanzania ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, na Kenya wana ya kwao ya mwaka 2007. Tangu niliposema wazi kwamba anayeleta helmeti iliyopigwa anaondoka na nyingine bila maswali ya pesa, nilianza kuletewa.

Yanayoimaliza kabla ya siku zake

Simu ya kitochi iliyochomekwa kati ya mikanda na ganda. Pakiti ya sigara. Leso iliyokunjwa. Vyote hivi vinaziba ule uwazi, na kishindo kinapita moja kwa moja, safari hii kikiwa na simu katikati. Kofia ya kapelo ndani ya helmeti ni hivyohivyo, tena inaifanya ikae juujuu. Kina dada wanaovaa hijabu, na wenye rasta, wanahitaji kitambaa chembamba kilicholala bapa, bila fundo wala furushi chini ya ganda, kisha mkanda urekebishwe upya. Mikanda ikiwa haina nafasi ya kutosha, tafuta saizi kubwa badala ya kumwambia mtu avue.

Kuigeuza nyuma mbele kunaruhusiwa pale tu ambapo ndani kuna alama ya mishale miwili inayozungukana.

Na jamani, helmeti si kigoda. Nimeiona ikikaliwa, ikibebea misumari, ikichotea maji ya kumwagia zege, ikikandamizia karatasi za michoro isipeperushwe na upepo. Hilo la mwisho halina shida sana.

Kuna wanaotoka na helmeti ya saiti wakapandia bodaboda kurudi nyumbani. Iache. Ya saiti imepimwa kwa kitu kinachotoka juu, na anayeanguka na pikipiki anapiga upande wa kichwa, kisogo, kidevu. Helmeti ya pikipiki ina povu gumu ndani linalopondeka ili kumeza kishindo, na likishapondeka halirudi, kwa hiyo nayo ikishaanguka na mtu imekwisha.

Unaponunua mpya

Usichukue ile iliyotundikwa mbele ya duka. Kariakoo utaziona zimening'inizwa nje kama ndizi tangu asubuhi hadi jioni, zimeanza kuzeeka kabla hazijapata mwenyewe. Omba iliyo ndani ya boksi, fungua, soma duara la tarehe ukiwa bado dukani. Imekaa miaka minne stoo ya muuzaji? Omba nyingine, au umwulize bei hiyo ni ya umri gani. Mtumba usinunue hata kama inang'aa. Huna wa kumuuliza maswali ya hatua ya 7.

Iliyokufa uiue vizuri

Ukiitupa nzima jalalani itarudi. Anaiokota muokota plastiki, inasuguliwa, na baada ya wiki mbili unaikuta kichwani mwa kijana kwenye saiti ya jirani. Kwa hiyo kwanza kata mikanda yote kwa kisu. Halafu weka ganda chini, likanyage, pitisha msumeno wa chuma kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma mpaka ziwe nusu mbili. Zile zilizochoka sana hazihitaji msumeno, zinapasuka zenyewe, na huwa nawaita vijana waje kuangalia hizo. Nusu moja mama lishe aliniomba awe anachotea mkaa. Nikampa.

Kisha kwenye daftari, mbele ya ile namba, naandika: imekatwa, tarehe, na sahihi ya aliyeshuhudia.